Feza ya mayo ya Barcelona iko. Feza ya kiwanja cha kartie haiko?

Ndugu vijana wa Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na wengine wote munaotufuata, tuanze na hesabu, juu hesabu haina chama.

Mwaka 2025 Serikali yetu ilitia saini kontrati na ekipe tatu za Ulaya. AS Monaco, kwa misimu mitatu. AC Milan ya Italia. Kisha, mwisho wa mwezi wa saba, FC Barcelona, kwa miaka minne. Kwa Barcelona peke yake magazeti yaliandika zaidi ya euro milioni 40. Gawa kwa miaka minne: milioni 10 na zaidi kila mwaka. Gawa tena kwa siku: zaidi ya euro 27,000 kila siku inayokucha, jumamosi, jumapili na sikukuu. Na kwa makuta hayo jina la nchi yetu linaandikwa mugongoni mwa mayo ya mazoezi. Hapana mayo ya mechi. Mayo ya mazoezi.

Sasa tokeni nje, mutembee dakika kumi mupaka kwenye kiwanja cha mupira cha karibu na kwenu. Tunajua mutakuta nini, maana tunavipita kila siku. Miti miwili imesimamishwa ku upande mumoja, miti miwili ku upande mwingine, moja imeinama. Wakati wa jua, vumbi nyekundu inaingia mu pua mupaka kesho yake. Wakati wa mvua, mbele ya goli kunakuwa ziwa, batoto wanaogelea pale ambapo golikipa angesimama. Ku kona moja kuna takataka. Ku kona ingine kuna ukuta mupya wa matofali ambao mwaka jana haukukuwa, na kila mwaka ule ukuta unasogea kama vile nao unacheza mupira. Hakuna choo. Hakuna bomba ya maji. Saa kumi na mbili jua linazama na kila mutu anarudi kwao, juu hakuna hata taa moja.

Mu kile kiwanja njo munachezea ninyi. Pale njo walicheza baba zenu. Kiko vile vile, isipokuwa kimepungua.

Hatuna ugomvi na Barcelona. Wengi wetu tunaivaaka ile mayo, tena ya kopi, tumeinunua soko ya Kenya. Ugomvi wetu uko na mutu anayetuambia, mwezi mumoja, kama hakuna feza ya kuchimba mufereji wa maji pembeni ya kiwanja, na mwezi unaofuata anapigwa picha na mikalamu ya wino akisaini kontrati Ulaya.

Jibu lao tunalijua, tumeshalisikia mara nyingi: "Nchi iko mu vita, na ninyi munaleta mambo ya mupira?"

Hapa tunaomba muvumilie, tutatoka kidogo nje ya Congo, kwa sababu hii hadithi haikuanza kwetu na inafundisha kitu.

Sydney, mji mukubwa wa Australia, kuna rugby ya watu 13. Kwao ule mchezo ni kama mupira kwetu: kila upande wa mji una ekipe yake, na mutu anazaliwa ndani ya ekipe kama vile anazaliwa ndani ya dini. Zile ekipe zilikomaa mu viwanja vya zamani vya pembeni ya mji, viwanja vya kilima cha nyasi ambapo watu wanakaa chini, mabati ya zamani, vyoo vya enzi ya babu. Kimoja kinaitwa Leichhardt Oval, rugby inachezwa pale tangu miaka ya 1930. Watu wa kule wanavipenda lakini vimechoka, na serikali ya jimbo lao, New South Wales, ilikuwa imeahidi kuvitengeneza.

Mwezi wa nane 2022 ile serikali ilikuwa inamaliza stade mupya kabisa karibu na katikati ya mji, kwa dola za Australia milioni 828. Na ni wakati ule ule ndipo iliwaambia watu wa viwanja vya zamani: ngojeni. Sababu? Mafuriko. Mwaka ule maji yalikuwa yamebomoa nyumba za watu mu lile jimbo, na mukubwa wa serikali akasema hawezi kuweka feza mu viwanja wakati kuna raia hawana pa kulala.

Angalieni vizuri ginsi lile jibu limejengwa. Mafuriko yalikuwa ya kweli, watu waliteseka kweli. Lakini ile stade ya milioni 828 haikusimamishwa kwa sababu ya mafuriko. Ni ya mitaa tu njo ilisimamishwa. Shida ya mutu mumoja ilitumiwa kumufunga mudomo mutu mwingine, na mutu wa tatu akapita katikati na kiwanja chake kipya.

Wakubwa wa ligi walikasirika mupaka wakatishia kuondoa fainali Sydney na kuipeleka Queensland, jimbo la jirani. Mwishowe fainali ilibaki. Wao walikuwa na fainali ya kutishia nayo, sisi hatuna. Lakini kwa Leichhardt Oval watu wa pale na komine yao hawakunyamaza, waliendelea kusumbua, na mu 2024 komine, jimbo na serikali ya taifa, zote tatu, zilikubali kuchanga pamoja juu ya kile kiwanja kimoja. Hatusemi Australia ni paradiso. Tunasema: nchi tajiri vile, na bado kiwanja cha mtaa kilipata kitu kwa sababu kuna watu walikataa jibu la "ngojeni".

Turudi kwetu, na vita yetu.

Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025. Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Tarehe 6 Februari, mu Stade de l'Unité ya Goma, kiwanja ambacho jina lake ni Umoja, M23 waliwakusanya watu na kuwahutubia. Tuko na wandugu kule, tuko na wengine waliokimbia na kulala chini ya mahema. Hakuna mutu atatufundisha sisi kama vita iko. Lakini tazameni tarehe: Monaco, Milan, Barcelona, zote tatu zilisainiwa *kisha* Goma kuanguka. Vita haikuzuia kalamu hata siku moja. Kwa hiyo asitokee mutu kutuambia kama vita njo inazuia mufereji wa Katuba. Kama feza yote ilikwenda kwa askari na kwa wakimbizi, tungenyamaza na kuchezea mu matope, tena kwa furaha.

Jibu la pili ni la ujanja zaidi: wanasema hiyo ni matangazo, watalii watakuja, tena ndani ya kontrati ya Barcelona kuna mafunzo kwa batoto Wakongomani. Ni kweli, yamo. Barcelona wenyewe walitangaza mafunzo mu michezo mitano: mupira wa miguu, basketi, handball, futsal, na hockey ya kuteleza na viatu vya magurudumu. Tulisoma mara mbili. Magurudumu. Tunaomba ministre mumoja, yeyote, avae vile viatu na ateleze mita kumi mu avenue yoyote ya Ruashi mwezi wa kwanza. Akifika mwisho tutamupigia makofi na hatutaandika tena.

Tuseme kwa uzuri: mafunzo bila kiwanja ni karatasi. Kocha wa Barcelona atakuja siku tano, atatoa kofia, atapiga picha na batoto mia moja waliochaguliwa, ataenda. Siku ya sita wale batoto watarudi kucheza wapi? Pierre Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 mu Kombe la Afrika la 1974, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja mu mashindano mamoja, na hakupita mu akademi ya mutu yeyote wa Ulaya. Mazembe ilianza 1939 kwa mapadri Wabenediktini, Lupopo mwaka ule ule kwa watu wa reli. Mupira wa Lubumbashi ulitoka mu viwanja vya udongo vya makartie na vya makambi ya wafanyakazi, wakati kampuni na misioni walikuwa wanavitunza kwa faida yao wenyewe. Kampuni zilipoanguka, na Gécamines ilipoanguka hasa, hakuna aliyechukua lile jembe. Mazembe ilijijengea stade yake Kamalondo, ikafunguliwa 2011, na heri yao. Lakini ekipe ya bana avenue haina tajiri.

Kuna kitu kimoja tu ambacho Serikali zote zimekarabati haraka mu viwanja vyetu: jina. Kinshasa, Roi Baudouin ikawa 20 Mai, 20 Mai ikawa Tata Raphaël. Kamanyola, iliyofunguliwa 1994, ikawa Martyrs miaka mitatu tu nyuma. Huku kwetu Stade Mobutu ikawa Kibassa Maliba. Rangi ya jina inakauka siku moja. Choo kinachukua mwezi, njo maana hatukioni.

Na kisha kuna turnua za kampanye. Munazijua. Mwaka wa uchaguzi anafika mheshimiwa, ekipe 16, mayo zenye sura yake, kombe ya plastiki ya rangi ya zahabu, mbuzi kwa washindi. Kiwanja kinapigwa greda siku moja mbele ya fainali ili gari yake isikwame. Kisha miaka mitano kimya. Sisi tunawaambia vijana wetu: mbuzi mule, mayo muvae, lakini siku ya fainali, mbele ya mikro, mumoja wenu amuulize mheshimiwa swali moja tu: hiki kiwanja kina karatasi gani?

Hapo njo tunafika mahali penye moto. Feza ni shida, lakini ardhi ni shida kubwa zaidi, maana kiwanja kibovu kinaweza kutengenezwa na kiwanja kilichouzwa hakirudi. Kila kartie ya mji huu iko na hadithi yake: kwanza kibanda cha kuuzia vocha, kisha kontena, kisha usiku mumoja matofali, kisha mutu anakuja na karatasi yenye muhuri anasema hapa ni lupango yangu. Shefu wa kartie anasema hajui. Komine inasema muende kwenye kadastre. Kadastre inasema mukubwa ametoka.

Sheria inasema nini? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, article 55: ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote ni mali ya umma ya Serikali, na haiwezi kupewa mutu yeyote mupaka kwanza iondolewe mu yale matumizi kwa njia ya sheria. Maana yake ni nyepesi. Kabla ya mutu kujenga nyumba mu kiwanja cha mupira, lazima kuwe na karatasi ya mukubwa mwenye haki inayosema: kuanzia leo hapa si kiwanja tena. Na ile karatasi iko na jina, saini na tarehe. Kwa hiyo musipigane na fundi anayejenga ukuta, yeye anatafuta bukari ya bana wake. Ombeni ile karatasi. Kama haiko, ukuta ni wizi. Kama iko, tutajua nani aliisaini, na tutaandika jina lake hapa hapa kwa herufi kubwa.

Na feza, sheria inasema nini? Constitution, article 175: asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, yanaikata pale pale inapotoka. Sheria ya 2008 juu ya miji na komine inasema asilimia 40 ya ile sehemu ya jimbo inashuka mupaka kwa miji, komine, sekta na sheferi. Kinshasa haishushe kwa majimbo yote inayopashwa, na magavana wanalia juu ya hiyo kila mwaka. Lakini gavana anayelia ku Kinshasa, yeye mwenyewe anashusha ngapi kwa komine? Hapo kilio kinanyamaza. Ongeza Code minier ya 2018: mu malipo ambayo kampuni za migodi zinalipa juu ya madini wanayouza, asilimia 50 ni ya Serikali kuu, 25 ni ya jimbo, 10 ya mufuko wa vizazi vijavyo, na 15 inaingia moja kwa moja kwa komine au sekta ambayo mugodi uko ndani yake. Moja kwa moja. Katuba haina mugodi, kwa hiyo Katuba inangoja jimbo. Lakini kuna komine mu Haut-Katanga na Lualaba ambazo zinakaa juu ya cobalt na ule mulango wa 15 uko wazi kwao, na viwanja vyake ni ndugu mapacha wa viwanja vya Katuba. Wale hawawezi kusema hawajapata kitu. Waonyeshe daftari.

Tunachoomba si stade. Tunarudilia, juu tunajua kesho watatujibu kama "vijana wanataka ma-stade ya kisasa". Hapana. Hatutaki hata zile nyasi za plastiki, zinazeeka kisha miaka karibu kumi na komine ambayo imeshindwa kununua taa haitanunua kapeti mupya. Kiwanja cha kartie kinahitaji vitu ambavyo kila fundi wa kwetu anavijua. Udongo ushindiliwe na katikati iinuliwe kidogo kuliko pembeni, ili maji yakimbie yenyewe. Leo viwanja vyetu ni kama sahani ya supu. Mufereji pande mbili, na usiishie ku mulango wa mama wa jirani. Miti kuzunguka, ya kivuli. Bomba moja. Vyoo, cha wasichana mbali na cha wavulana, na kinafungwa kwa ndani. Taa nne za sola. Mipaka ya sima ambayo hakuna ukuta utaruka.

Kuhusu wasichana, tusipite haraka. Mukienda kiwanjani saa kumi mutakuta wavulana wakubwa. Saa kumi na moja, wavulana wadogo. Wasichana wanapewa nafasi wakati giza linaingia, kisha wazazi wanasema mutoto musichana hawezi kubakia nje giza, na wazazi wana haki, juu wanajua zile njia. Kwa hiyo taa na choo si urembo. Bila hivyo nusu ya vijana wa kartie hawana kiwanja kabisa, hata kama kiwanja kipo. Na hapa lawama si ya Serikali tu. Ninyi makapiteni wa ekipe za wavulana, nani aliwapa kiwanja kuwa chenu kila siku ya juma? Kamati za viwanja zigawe saa, na saa za wasichana ziwe za jua.

Basi kazi iko hivi. Hakuna anayengoja ruhusa ya kupima kiwanja cha kwao. Chukueni kamba, pimeni urefu na upana, pigeni picha kona zote nne na kila kitu kilichojengwa ndani. Kaeni na wazee wa kartie, waulizeni mupaka ulikuwa wapi kabla, nani alikuwa anafagia, ukuta wa kwanza ulianza mwaka gani. Wazee wanakumbuka kuliko kadastre. Andikeni yote ku karatasi moja. Kisha barua kwa mukubwa wa komine, nakala kwa meya na kwa kadastre: kiwanja chetu kina hati gani, kuna karatasi yoyote ya kukiondoa mu mali ya umma, na mu bajeti ya mwaka huu wa komine michezo imewekewa makuta ngapi? Maswali matatu, bila matusi, bila kupiga magoti. Article 27 ya Constitution inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa, peke yake au na wenzake, na hakuna anayeruhusiwa kumufuata juu ya hiyo.

Nakala ingine muipeleke kwa madiwani wa komine. Desemba 2023 tuliwapigia kura kwa mara ya kwanza chini ya Constitution hii, na wengi wetu hatujui hata sura zao. Hii ni nafasi nzuri ya kujuana.

Kwa Serikali ya Kinshasa tuna ombi moja: kontrati za Monaco, Milan na Barcelona ziwekwe wazi, kurasa zote, pamoja na mufuko feza ilipotoka. Hatuombi muhtasari wa mukutano na waandishi wa habari.

Barua mutoe kopi mbili. Moja inabaki ku komine, ya pili inarudi na ninyi, ikiwa na muhuri, saini na tarehe ya kupokelewa. Wakisema mukubwa hayuko, kaeni ku benchi, ngojeni, muende na maji ya kunywa. Wakisema tutawajibu kwa mudomo, semeni asante, tunangoja muhuri. Picha ya ile kopi yenye muhuri mututumie pamoja na jina la kiwanja na la komine, tutaziweka hapa moja moja, na kuhesabu siku hadharani mupaka jibu lifike.